Mtalii wa Wodi ya Watoto

Mama yangu alikuwa amesimama katikati ya jikoni, mwiko mkononi, akikariri maporomoko ya maji.

"Nimeyaona maporomoko," alisema. "Maji yanashuka kwa kishindo kutoka juu ya jabali, na mgeni huondoka na kumbukumbu isiyofutika."

"Mama, usiseme hivyo. Hakuna mtu anayezungumza hivyo. Sema tu yanapendeza."

"Karatasi imesema kishindo."

"Karatasi ni ya hoteli. Wewe ni mtu."

Akageukia sufuria, akaukoroga uji usishike chini, akaanza tena tangu mwanzo. Ziwa ameliona. Makumbusho ameyaona, ila hakumaliza vyumba vyote. Bustani ya maua bado, na ule msitu wenye njia ya kamba juu ya miti bado, na kwa sababu hiyo anaomba aongezewe muda amalizie matembezi yake. Alikuwa na sauti ya mtoto wa shule aliyesimamishwa mbele ya darasa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na uso wa mwalimu.

Hakuwa ameona hata kimoja. Mama yangu, ambaye pasipoti yake ilikuwa na viza iliyoandikwa utalii kwa herufi kubwa, alikuwa ameona uwanja wa ndege, nyumba yangu ya vyumba viwili na wodi ya watoto ya hospitali. Basi.

Nilimwalika mwenyewe, na nilimbembeleza. Kila nilipompigia simu nilimwambia njoo upumzike, mama, utembee, nitachukua likizo nikuzungushe kila mahali. Yeye ni fundi cherehani, tangu nimjue hajawahi kufunga kibanda chake kwa kupenda. Hatimaye akakifunga, ufunguo akamwachia jirani, akaja na sanduku dogo na jozi ya raba mpya nyeupe. Za kutembelea, aliniambia pale uwanjani, akainua mguu mmoja ili nizione vizuri.

Raba zilikuwa bado hazijapata vumbi binti yangu alipoanza kunyamaza. Sisi tunamwita Chiriku, maana mdomo wake haupoi. Huongea akila, huongea akioga, huongea mpaka usingizi umkate katikati ya sentensi. Siku hiyo alikaa kwenye kochi akamsikiliza bibi yake bila kumkatisha. Ikafuata homa, kisha madoa ya zambarau miguuni, kisha daktari mwenye sauti ya chini aliyetuambia ni saratani ya damu, kwamba inatibika, na kwamba matibabu ni marefu. Nilishika hilo neno inatibika kwa mikono miwili. Neno marefu nililisikia baadaye.

Wodi ile ina amri moja isiyopindishwa: mtoto lazima awe na mtu wake mchana kutwa, usiku wauguzi hubaki nao. Ni mtu wa kuita muuguzi dripu inapokaribia kuisha, wa kushika beseni mtoto anapotapika, wa kumpangusa na kumdanganyadanganya anywe maji. Mimi ninafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, kwenye mashine ile kubwa ya kupigia pasi mashuka. Kazi hiyo ndiyo yenye bima, na bima ndiyo inayolipia dawa. Nikiacha kazi, dawa inakatika. Nikienda kazini, mtoto anabaki peke yake. Baba yake aliondoka zamani, na habari zake tuziache huko huko alikokwenda. Kwa hiyo kwenye lile pengo nikamweka mama.

Ndivyo nilivyofanya, nilimweka, wala sikuona ajabu. Kila asubuhi alivaa raba zake, akabeba kikapu chenye uji na kanga safi, akapanda ngazi mpaka wodini ghorofa ya nne, maana lifti ya hospitali ilikuwa imeharibika na haikuonekana mwenye haraka nayo. Jioni nilimkuta kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda, mgongo wima, mkoba mapajani, kama abiria anayeogopa kupitishwa kituo.

"Mama, umechoka?"

"Aa, sijachoka. Nimekaa tu kutwa nzima. Mtu huchoka kwa kukaa?"

Nami niliamini. Ilikuwa raha kuamini. Usiku bafu letu lilinuka dawa ya kuchua, nami nilijiambia ni mambo ya wazee, nikalala.

Viza ilipokaribia kuisha ndipo nilipokwenda kwa Mhuri. Mhuri ni mwandishi wa fomu. Ana meza yake ya kukunja nje ya ofisi ya uhamiaji, chini ya mwavuli uliochanika, na watu walimbandika jina hilo kwa sababu hujigamba kwamba mhuri hana lakini anajua utakapoangukia. Nilimweleza yote, kuanzia madoa ya miguuni hadi bima. Alinisikiliza vizuri, nikiri hivyo, hata akaacha kumenya chungwa lake.

"Pole sana, dada," alisema. "Lakini hayo yote uliyonieleza, usiyaseme ndani."

"Kwa nini? Si ndiyo ukweli?"

"Ukweli una viza yake. Kumuuguza mtu ni viza nyingine, na hiyo inaombwa huko mtu anakotoka, siyo hapa. Mama yako ameingia kwa utalii. Pale ndani hawaongezi huruma, wanaongeza matembezi."

"Matembezi gani na mtoto yuko kwenye dripu?"

"Basi mtafutie." Akarudia chungwa lake. "Aliyoyaona na ambayo bado hajayaona. Na ayaseme mwenyewe. Yule mama wa dirisha la tatu hamsikilizi mwenyeji, humuuliza mgeni."

Ndivyo nilivyoanza kuchukua vipeperushi kwenye meza ya mapokezi ya hoteli. Nilivichomeka kifuani chini ya aproni nikatoka navyo kama mwizi, ingawa vimewekwa pale vichukuliwe bure. Mama alivifungua mezani akavitazama kwa muda mrefu. Aliipitisha picha ya bustani karibu na macho, akaniuliza kama ni mbali.

"Si mbali, mama."

"Unaijua?"

Nikasema naijua. Nimekaa katika mji huu miaka, na bustani hiyo naijua kwenye kipeperushi kile kile. Watu wanaolala kwenye mashuka yangu ndio huenda huko.

Mazoezi ya nyumbani hayakutosha, akawa anaendelea nayo wodini. Jioni moja nilifika nikamkuta Chiriku ameketi, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa siku nyingi. Kichwa hakina unywele, midomo imepasuka, lakini macho yamewaka.

"Mama, Bibi amefika kwenye maporomoko," alinipokea. "Amefika mpaka chini kabisa. Kanga yake ikalowa yote."

Nilimtazama mama. Alikuwa anakunja kitambaa.

"Huyu mke mwenzangu ana maswali," alisema. Huo ni utani wao tangu Chiriku akiwa mchanga, eti wote wawili wameolewa na marehemu babu. "Ananiuliza maji yana baridi kiasi gani. Karatasi haikusema."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia baridi ya kushika meno."

"Hata mimi meno yangenishika," Chiriku akasema, "ila mimi nina machache, kwa hiyo siyo sana."

Akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi, na bibi yake alikuwa ameshampa kikombe kabla mimi sijanyosha mkono. Mama yangu amezoea kusema moja kwa moja, mteja akinenepa humwambia umenenepa, na ndiyo maana nilikuwa na wasiwasi naye. Jioni ile wasiwasi ulinitoka. Nikajua dirishani hatatuangusha.

Mwanamke wa dirisha la tatu alikuwa na sweta mabegani na miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Nilijiandaa kumchukia, naye akaniharibia kwa kusema "shikamoo, mama" kwa adabu zote. Mama akaitikia. Fomu aliisoma yote, hakuiparamia tu kama wengine. Kisha akauliza sababu ya kuomba muda zaidi. Nikafungua mdomo, akainua kalamu.

"Samahani dada, namuuliza mgeni. Mama, umetembelea wapi na wapi?"

Mama alinitazama. Nilidhani amesahau, nikamtolea macho ya kumkumbusha, midomo yangu ikaumba neno ziwa bila sauti. Akageuza uso. Akauteremsha mkoba wake sakafuni, mkoba ambao huwa hauachi hata chooni.

"Sijatembelea popote," alisema.

"Fomu inasema ziwa, makumbusho, maporomoko."

"Fomu ameijaza binti yangu. Maporomoko nimeyaona kwenye karatasi."

"Mama," nikasema.

"Sasa muda wote huu umekuwa wapi?"

"Hospitalini. Mjukuu wangu anaumwa, namkalia."

Yule mwanamke akavua miwani. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaitazama foleni nyuma yetu, akainama karibu na kioo na kuishusha sauti. Hata mimi niliyekuwa nimepandwa na jazba niliona anachofanya. Alikuwa anamtafutia mama yangu mlango.

"Pole, mama. Mungu amponye. Lakini ukiongezewa muda, si utapata hata siku moja ya kutembea? Bustani ya maua iko hapa karibu. Hata siku moja tu?"

Alingoja na kalamu hewani. Neno moja lilitosha. Ndiyo. Nitakwenda. Hata kutikisa kichwa kungetosha.

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Sitakwenda."

Kalamu ikateremka. Yule mwanamke alisema basi hana la kufanya, na viza ikiisha mgeni aondoke, na alilisema kwa namna iliyonionyesha kwamba na yeye amekasirika. Hakunitazama aliponirudishia pasipoti.

Nilijizuia mpaka tulipotoka nje, kwenye ngazi. Mhuri alituona kutoka chini ya mwavuli wake, akatusoma nyuso, akageukia upande wa pili kama mtu aliyeitwa.

"Neno moja, mama. Yule mama alikuwa anakuomba neno moja."

"Nililisikia."

"Sasa umejifanya mtakatifu. Nani atakaa na mtoto wangu? Niambie. Nimekufundisha, nimekuandalia kila kitu, na kauongo kadogo kama kale kamekushinda?"

Aliketi kwenye ngazi. Aliketi taratibu, akishika ukuta, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama si wake.

"Uongo haunishindi," alisema. "Uongo naujua. Kila jioni unaniuliza kama nimechoka, nakwambia sijachoka."

Watu walipita wakitukwepa, na karatasi zao mikononi.

"Zile ngazi za hospitali nazipanda kwa kujivuta kwenye chuma cha pembeni," aliendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Nikifika juu nasimama nje ya wodi nihemee huko, mtoto asinione. Nimekaa kwenye kiti kile mpaka nikiota naota nimekaa. Nataka kwenda kwangu. Nataka cherehani yangu na kitanda changu, na wateja wangu wanigombeze kwa nguo zao. Nataka kuwa na shughuli zangu."

Shughuli zake. Kweli tupu ni kwamba haikuwahi kunipitia akilini kwamba mama ana mahali pa kuwa zaidi ya hapa ninapomhitaji.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia ungelia. Na ukilia, mimi siondoki. Nikaona bora anikatalie yule, hanijui wala simjui. Naye akataka kunikubalia." Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Watu wa ofisini hawana msimamo."

"Na Chiriku?"

"Nampenda. Hilo ndilo ulilotaka nilitaje? Nampenda, na nimechoka. Yote mawili ninayo. Hujaniuliza hata mara moja kama nataka kubaki. Ulinifundisha maporomoko."

Nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli, na kwa sababu kweli yake haikunisaidia chochote. Mtoto wangu bado alikuwa kwenye dripu, wodi bado ilikuwa na amri yake. Mama alinyoosha mkono nimwinue, nami nilijifanya natafuta kitu kwenye pochi. Nilipomshika hatimaye, nilishangaa uzito wake. Aliniegemea wote, bila kujizuia, kwa mara ya kwanza tangu aje.

Siku ya kumuaga Chiriku nilimwomba mama amwambie anakwenda kumalizia matembezi. Alinikata jicho. Akaketi kwenye kile kiti chake akamwambia mtoto kwamba anarudi kwake kushona, na kwamba gauni la kwanza litakuwa lake, na achague rangi. Chiriku alichagua njano. Alinyamaza kidogo, nikashtuka, kunyamaza kwake huwa kunanishtua.

"Na maporomoko?" akauliza.

"Utakwenda wewe, mke mwenzangu. Ukirudi utanieleza kama ni kweli yanashika meno."

"Si ulisema uliyaona?"

"Nilisema."

Chiriku alimtazama bibi yake, kisha akanitazama mimi, na sijui mtoto yule alielewa nini, kwa sababu hakuuliza zaidi. Walishikana vidole mpaka dawa ikamlaza.

Raba aliziacha. Nilizikuta nyuma ya mlango nilipotoka uwanja wa ndege, zimefuliwa na kusimamishwa ukutani zikauke. Weupe wake ulikuwa umerudi. Soli ya kulia ilikuwa nzima, na ya kushoto imelika yote, mpaka kitambaa cha ndani kinaonekana. Nilikaa nazo sakafuni nikalia kilio ambacho mama alikikimbia, na nilipomaliza hapakuwa na mtu wa kunionea huruma, nikaamka nikachemsha uji.

Nilimwomba msimamizi wa kazini anihamishie zamu ya usiku. Alinitazama kama anayetaka kuniuliza kitu, akaamua asiulize, akanihamishia. Sasa nikiyaacha mashuka asubuhi nakwenda moja kwa moja hospitali. Lifti bado haijatengenezwa. Kiti kile nimekijua: kina chuma nyuma kinachokuchoma chini ya bega, na ukikikwepa unakalia upande, na ukikalia upande mguu unakufa ganzi. Nimejua kwa nini mama alikaa wima. Hupiga simu siku za Jumapili, tunazungumza habari za damu ya Chiriku, imepanda, imeshuka, na nyuma ya sauti yake nasikia jirani anacheka na cherehani ikilia. Kuna siku nafurahi kuisikia. Kuna siku nakata simu mapema nikisingizia chaji.

Juzi usingizi ulinizidi. Nakumbuka nilikuwa naitazama dripu, tone baada ya tone, kisha nikasikia mnong'ono kwa mbali.

"Usimwamshe," Chiriku alikuwa anamwambia muuguzi. "Naiangalia mwenyewe. Ikifika pale kwenye mstari nitakuita."

Muuguzi akasema haya, mkubwa, akaondoka na viatu vyake vya kimya. Nilifumbua macho. Binti yangu alikuwa amelalia ubavu, shingo ameinua, anaikodolea ile chupa bila kupepesa. Amri ya wodi imesema mtoto awe na mtu wake, wala haikusema nani amkalie nani.

Akaona nimeamka.

"Mama, umechoka?"

"Aa, sijachoka," nikasema. "Nimekaa tu."

Alinitazama. Mimi nilipoambiwa hivyo na mama yangu niliamini kila siku, nikaenda zangu. Chiriku alinitazama kidogo tu, kisha akauchomoa mto chini ya kichwa chake kwa ule mkono usio na sindano, akausukuma mpaka ukingoni mwa kitanda upande wangu, na kurudisha macho kwenye dripu.